Shati Linakaa Mabegani

Msikilizaji wangu, kabla sijasema lolote nina ombi dogo. Kama umevaa shati la kuchomekea, inua mkono wako wa kulia mpaka kiganja kipite kichwa, kama mtu anayeshika bomba kwenye daladala la Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Unayeendesha gari usijaribu, baki na usukani wako. Haya, sasa jitazame kiunoni. Shati likiwa limetulia ndani ya suruali, ama una bahati ama una fundi. Likiwa limechomoka upande mzima, kafu imeporomoka kuelekea kiwiko na kola imepanda kugusa sikio, karibu sana. Tuko wengi, na mazungumzo ya leo ni yetu.

Watu hudhani shati huchomoka kwa kuwa ni fupi. Basi mtu anakwenda kununua refu, nalo linachomoka vilevile, ila safari hii na kitambaa kingi zaidi. Urefu umesingiziwa. Mkosaji yuko kwapani. Pale mkono wa shati unapoungana na kiwiliwili, mkato ukiwa umeshuka vidole vinne au vitano chini ya kwapa lako, mkono hauwezi kupanda peke yake, lazima uvute na ubavu wa shati. Mkato ukikaa juu, karibu na kwapa lenyewe, mkono unapanda na kiwiliwili kinabaki mahali pake. Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Dukani, mkato ulioshuka unaonekana una nafasi, unapitisha hewa, na mtu anasema hili limenikaa huru. Kumbe uhuru wenyewe ni wa kusimama tu, mikono ikiwa imelala.

Kiwanda kinalijua hilo vizuri sana. Lakini kiwanda hakimshonei mtu, kinawashonea maelfu ambao hakijawahi kuwaona: mwembamba, mnene, mwenye mgongo wa kubeba magunia, mwenye mabega ya kushuka. Kwapa la juu likimkaa mmoja litambana mwenzake, na aliyebanwa hanunui. La chini halimkai yeyote sawasawa wala halimbani yeyote, kwa hiyo linauzika. Si uzembe, ni hesabu ya biashara, na kwa upande wao hesabu imetimia.

Kuna hesabu nyingine ya namna hiyo shingoni. Mashati rasmi huuzwa kwa namba ya shingo: 15, 15 na nusu, 16, kuendelea juu. Mfanyabiashara anachukua namba hiyo moja, anakisia kutoka hapo upana wa mabega, kifua, tumbo, wakati mwingine hata urefu wa mkono. Kwamba kola ilifika kuheshimiwa hivyo si ajabu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1827, katika mji wa Troy jimbo la New York, mama mmoja aitwaye Hannah Montague alichoka kufua mashati mazima ya mumewe ilhali kinachochafuka ni kola. Akachukua mkasi, akazikata kola, akazifua peke yake na kuzirudishia. Majirani wakaiga, wafanyabiashara wakanusa faida, na Troy ikaishi kwa kushona kola kiasi cha kuitwa mji wa kola. Sina ugomvi na kola. Lakini jaribu kumkisia mtu kwa shingo. Mwenye kitambi cha heshima ananunua 17 ili vifungo vya tumboni vifunge, na shingo yake ni 15 na nusu. Matokeo tunayaona maofisini kila siku: kola inazunguka shingoni bila kugusa popote, na mshono wa bega umeangukia kwenye msuli wa mkono. Tumbo limepata nafasi, mwili uliobaki umelipa gharama.

Na sisi, wengi wetu, hata hiyo namba ya shingo hatukuichagua. Tumeikuta kwenye robota. Mitumba nisiitukane, maana kitambaa chake mara nyingi ni kizuri kuliko cha shati jipya linaloning'inia duka la jirani, na fundi wa kupunguza pembeni ya mnada anaishi kwa mitumba hiyohiyo. Ila kupunguza kuna mpaka wake. Ubavu unapunguzika, mkono unafupishika, pindo linapandishika. Bega lililoporomoka inchi moja na nusu halirudishwi kwa mshono wa ubavuni. Ni lazima mkono ung'olewe, bega likatwe upya, kwapa lichongwe, mkono uzungushwe tena, na hakuna anayelipa bei ya kupunguza akategemea kazi hiyo. Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri, na wanaoujua mwisho wa methali hiyo waumalizie kimoyomoyo, watoto bado hawajalala.

Mtakumbuka mabishano ya mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Rwanda ikapandisha ushuru na kushikilia msimamo, Marekani nayo mwaka 2018 ikasitisha nafuu ya kuingiza nguo za Rwanda bila ushuru. Tulizungumza viwanda, tukazungumza ajira, tukazungumza pamba ya Simiyu na Shinyanga inayopanda meli ikiwa marobota. Yote yalikuwa mazungumzo ya haki. Lakini katika kelele zote zile sikumsikia hata mmoja akiyataja mabega.

Nadhani ninajua kwa nini. Hatukufundishwa shati linalokaa linakuwaje. Mfikirie mtoto wa darasa la kwanza Januari, siku shule zinafunguliwa. Shati lake jeupe limeshonwa kubwa kwa makusudi ili akue nalo. Mikono imekunjwa mara tatu, kola ingemtosha kaka yake, bega liko karibu na kiwiko. Mzazi hana kosa, sare ni pesa na mtoto anakua. Lakini mtoto huyo anavaa shati la mtu atakayekuwa miaka miwili mbele, na akimfikia mtu huyo shati limeshapauka na kuchanika, anapewa jingine la mtu wa miaka miwili mbele tena. Anamaliza kidato cha nne hajawahi kuvaa shati la siku yenyewe. Ukimwambia akiwa mtu mzima kwamba bega limeporomoka, anakutazama. Kwake yeye bega la shati lilikuwa huko siku zote.

Sasa, kinachonishangaza zaidi. Huko London, mtu anayetaka shati la kupimwa anakwenda mtaa wa Jermyn, anaweka miadi, analipa fedha ambayo kwetu ni kodi ya nyumba ya miezi. Sisi tuna fundi kwenye baraza. Toka nje ya nyumba yako Kinondoni, Majengo ya Moshi, Darajani Unguja au Kongowea kule Mombasa, hutatembea mbali bila kusikia cherehani ya miguu. Kitu ambacho wenzetu wanakihesabu kuwa anasa kiko hatua chache kutoka kwenye genge la nyanya. Na tunakitumia kwa nini? Kwa vitenge vya harusi, sare za kamati, na zipu iliyokufa. Shati jeupe la kazini, nguo inayovaliwa siku tano kwa wiki na inayoonyesha kila kosa la mkato kwa kuwa haina maua ya kuficha, hilo tunalinunua bila kupimwa.

Haikuwa hivyo siku zote kwa kila vazi. Suti ya Kaunda, ile yenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, ilienea nchi nyingi za Afrika kwa mikono ya mafundi, na ukiitazama vizuri koti lake ni shati lililopewa cheo. Limekaa mabegani, halihitaji tai, mfuko wa kalamu upo. Novemba 2023, Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, aliikataza bungeni. Mambo ya bunge la watu sitaingia, nasema tu kwamba aliyeivaa alikuwa amepimwa na mtu kwa futi, na hilo siwezi kulisema kwa kila tai ninayoiona. Mandela naye alijulikana kwa mashati yake ya maua, yasiyochomekewa, na mmoja wa waliomshonea alikuwa Pathé Ouédraogo, anayejulikana kwa jina la kazi la Pathé'O, fundi mzaliwa wa Burkina Faso aliyefungua kazi yake Abidjan. Yatazame mashati yale pichani, achana na maua, tazama mshono wa bega uko wapi.

Nasikia mtu anasema: mafundi wetu ni waongo. Njoo kesho, njoo kesho, mpaka harusi imepita. Ni kweli, na sitawatetea kwa yote. Ila na sisi tuulizwe tunavyokwenda. Fundi ana cherehani moja na mkono mmoja wa kushika mkasi. Amepokea kazi za watu ishirini kwa sababu akikataa mmoja, huyo hatarudi, na kesho njaa haitamuuliza alikuwa na foleni kiasi gani. Kianzio chako ameshakinunulia uzi wa mteja wa jana. Wewe umemletea kitambaa Jumatano, sherehe Jumamosi, huna kipimo, huna mfano, umesema nishonee shati zuri, ukaondoka. Kazi za namna hiyo zote ni za dharura, kwa hiyo anaanza na ya mwenye sauti kubwa. Usipeleke shati kumi la mwisho la Ramadhani. Usipeleke Desemba. Usipeleke wiki mbili za mwanzo wa Januari, sare za shule zimejaa mpaka mlangoni. Nenda Februari, nenda katikati ya mwezi watu hawana hela, fundi amekaa anasikiliza redio. Ikiwezekana awe anatusikiliza sisi.

Kumchagua fundi ni kazi ya macho. Usitazame lile gauni alilolitundika nje, hilo ni bango. Omba shati alilomshonea mtu mwingine, ligeuze ndani nje. Mishono imefichwa au nyuzi zinaning'inia? Hesabu tundu za sindano kwenye inchi moja. Mashati bora ya dunia hufika 18 au zaidi, 12 zinatosha kwa matumizi yetu, na ukikuta saba jua aliurefusha mshono ili awahi kumaliza. Kisha ncha mbili za kola: zikutanishe, ziwe na urefu mmoja. Kitambaa kikiwa cha mistari, mistari ya mfukoni iendelee na ya kifuani bila kuruka. Fundi aliyehangaikia mstari wa mfuko, ambao hakuna mteja anayeuuliza, huyo atahangaika na bega lako. Nami kwa maoni yangu ningemwacha fundi wa suti hodari nikamfuata wa mashati wa kawaida, kwa kuwa suti ina pedi za kuficha kosa la bega na shati halina pa kujificha.

Kitambaa nunua mwenyewe. Kikiwa na upana wa inchi 45, mita mbili na nusu zinamtosha mwanamume wa kawaida shati la mikono mirefu, kikiwa cha inchi 60 mita mbili zinatosha. Poplini ya pamba kwa joto la pwani ni rafiki, na wale wanaopenda kitambaa cha mchanganyiko kwa kuwa hakikunjamani wajue kwamba jasho nalo halina pa kwenda. Ukishanunua, usimpelekee fundi. Kipeleke kwenye ndoo. Loweka usiku, anika, piga pasi, ndipo uende. Pamba hurudi. Chukua kola ya inchi 16, ipoteze asilimia tatu tu kwenye ufuaji wa kwanza, imepungua karibu nusu inchi, na nusu inchi shingoni ndiyo tofauti ya kupumua na kutopumua. Viwanda vilihangaika na jambo hili kwa miaka, na aliyelitatua alitoka kulekule Troy: Sanford Cluett, wa kampuni ya mashati ya Cluett, Peabody, aliyepata hataza miaka ya 1930 ya kukirudisha kitambaa kiwandani kabla hakijakatwa. Kitambaa unachopimiwa kwa mita mtaani hakina uhakika huo, na ndoo yako inafanya kazi ya mashine ya Cluett bila kuomba ruhusa. Mwambie fundi na gamu ya kola aipige pasi ya moto wa kutosha, isije ikatoa malengelenge baada ya kufuliwa mara mbili.

Sasa kupimwa. Hapa tutulie kidogo.

Vaa kitu chepesi, toa simu na pochi mifukoni, simama unavyosimama siku zote. Ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu futi ikikaribia tumboni kila mwanamume anavuta pumzi. Unamficha nani? Fundi ameona matumbo zaidi ya daktari. Tumbo lililofichwa siku ya futi litajitokeza siku ya sherehe, tena mbele ya wakwe.

Anza na mabega, kwa maana shati lote linaning'inia hapo kama pazia kwenye fimbo yake. Fimbo ikipinda, hata ungenyoosha pindo namna gani, pazia limepinda. Mwisho wa bega unaupata kwa kidole: inua mkono kidogo pembeni, utasikia kijishimo kinajitokeza pale mkono unapoanzia. Hapo ndipo mshono ukae. Pima kutoka kijishimo hadi kijishimo kupitia nyuma ya shingo. Kisha mwombe fundi atazame urefu wa bega moja moja. Watu wengi wana bega moja lililoshuka, mara nyingi la mkono wa kazi, na wengine wamelishusha wenyewe kwa kubeba mkoba upande mmoja miaka yote. Fundi anayepima bega moja akaandika mara mbili, amepima nusu ya mtu.

Kifua apime futi ikiwa sawa mbele na nyuma, kisha aongeze. Kwa shati la kazini inchi nne zinatosha, tatu kwa kijana anayetaka kuonyesha mazoezi yake, na zikipita sita umeshona tanga. Tumbo lipimwe peke yake na liongezwe peke yake. Kitambi kiko mbele, kwa hiyo nafasi ya ziada ikatwe kipande cha mbele, na kipande hicho kiwe kirefu kidogo kuliko cha nyuma, vinginevyo pindo la mbele litapanda juu kila ukikaa. Mwenye mgongo ulioinama, na sisi wa kompyuta tumo, anahitaji kinyume chake, nyuma iwe ndefu. Dereva wa bodaboda anashinda mikono ikiwa mbele, mgongo umetandazika. Mwekee marinda mawili nyuma, chini ya kile kipande kinachovuka mabega, na shati halitampasukia njiani.

Shingo ipimwe na kidole kimoja ndani ya futi. Mkono upimwe ukiwa umekunjwa kidogo kwenye kiwiko, kwa kuwa mkono ulionyooka ni mfupi kuliko uliokunjwa, na ndiyo sababu kafu zetu hukimbia tukishika kikombe. Kama unavaa saa, kafu ya upande huo iongezwe robo inchi. Na useme mapema kama shati ni la kuchomekea au la nje. La kuchomekea lifunike makalio, la nje liishie katikati ya nyonga, limenyooka, lenye mpasuo kidogo pembeni.

Kina mama wanaotaka shati, na maofisini ni wengi, wakatae jambo moja tu: shati la mwanamume lililopunguzwa. Kifua cha mwanamke hakitoshelezwi kwa kuongeza upana, kinatoshelezwa kwa dati, mkunjo wa kushonwa unaotoka ubavuni au begani na kukiachia kitambaa nafasi mahali pake. Halafu kifungo. Mafundi wengi huanzia juu na kugawanya kwa futi, na kifungo kinaangukia popote, kile kidirisha kinachofunguka kifuani kinatoka hapo. Kifungo cha kwanza kuwekewa alama kiwe kile cha mahali kifua kimejaa zaidi, vingine vigawanywe kutoka hapo kwenda juu na chini. Mwenye kitambi naye afanyiwe hivyo tumboni.

Na kwapa je, lile tuliloanza nalo? Mwambie fundi alipandishe, likae kidole kimoja hadi viwili chini ya kwapa lako. Atakuambia litakubana. Mkono nao uwe na upana wa kutosha pale juu, ndipo halitabana. Asipokuamini, mpeleke kwa wazee wa kanzu. Kanzu ya pwani, ile inayoshonwa Unguja na Lamu, haina mkato wa mviringo kwapani hata kidogo. Ina badani mbele na nyuma, ina taharizi ubavuni za kuipanua kuelekea chini, na pale mkono unapokutana na ubavu kinawekwa kikwapa, kijipande kidogo kilichogeuzwa pembe. Kijipande hicho ndicho kinachompa imamu uwezo wa kuinua mikono kwenye takbiri bila kanzu nzima kupanda magotini. Mashati ya Ulaya ya karne ya 18 yalikatwa kwa akili hiyohiyo, vipande vya pembe nne na kikwapa. Baadaye mafundi wao wakajifunza kuchonga mviringo, wakakitupa kikwapa, na viwanda vilipokuja vikaushusha mviringo ili uwatoshe wote. Ukiwa na shati ulipendalo na kwapa lake linakuvuta, fundi wa kanzu anaweza kukutilia kikwapa cha kitambaa hichohicho alichokikata kwenye pindo. Hakuna atakayekiona. Sijui kwa nini ujuzi huu tumeuacha msikitini.

Kuna wasikilizaji wanaotaka kushona wenyewe, na swali lao huwa lilelile: nianzie wapi? Anzia kwenye shati bovu. Tafuta lile lililowahi kukukaa kuliko yote, limechakaa kola, halina thamani tena. Lifumue taratibu kwa wembe, mshono mmoja mmoja, huku ukiandika kwa kalamu kila kipande kilikuwa wapi na kipi kilitangulia. Kufumua kutakufundisha kushona kuliko kitabu, maana unauona utaratibu wa aliyeshona, ila unauona kinyumenyume. Vipige pasi vipande, vilaze juu ya karatasi, vichore ukifuata alama za mshono wa zamani, ongeza nusu inchi ya mshono kuzunguka. Umepata mkato wako. Usiukimbilie kitambaa kizuri. Kata kwanza marekani, kitambaa ambacho karne ya 19 kilikuwa kikiletwa Zanzibar kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mpaka leo hakijapata mpinzani kwa kazi za kujaribia. Piga bandi, vaa, simama mbele ya kioo, mtu mwingine akubane kwa pini panapozidi.

Ugumu uko sehemu mbili. Kola, kwa sababu ina vipande vya juu na chini na shina lake, na kosa la uzi mmoja linaonekana usoni. Na mkono, kwa sababu mviringo wa juu ya mkono ni mrefu kidogo kuliko tundu unaloingia, nao unatakiwa uingie bila kukunjamana. Wanaoanza huvuta. Usivute, ugawanye kwa pini nyingi na uushone ukiwa chini, meno ya cherehani yataula ule urefu yenyewe. Vingine vyote kwenye shati ni mistari iliyonyooka.

Cherehani yenyewe isikutishe. Mafundi wa zamani iliwatisha zaidi: Barthélemy Thimonnier, fundi wa Ufaransa, alipata hataza yake mwaka 1830, akafungua karakana Paris ya kushonea jeshi sare, na mwaka uliofuata mafundi wenzake wakaivamia na kuzivunja mashine zake. Isaac Singer aliyekuja miaka 20 baadaye alikuwa na akili ya ziada, kampuni yake ikaanza kuuza kwa kulipa kidogo kidogo. Leo mafundi wengi kwenye baraza zetu wameanza hivyohivyo, kwa mkopo wa kikundi na cherehani ya Butterfly iliyotengenezwa Shanghai. Ya miguu inatosha kabisa kwa shati, na umeme ukikatika unaendelea.

Bei nitasema neno moja. Mteja anayebishana ufundi wa shati mpaka senti ya mwisho analipwa kwa mshono wa tundu saba kwa inchi. Mlipe vizuri, lakini mlipe kwa mafungu: kianzio siku ya futi, sehemu siku ya kujaribu, salio siku ya kuchukua. Siku ya kujaribu ndiyo mafundi wengi hawaizoei, na ndiyo ya kung'ang'ania. Shati liwe limepigwa bandi tu mabegani na ubavuni, kola haijafungwa, mikono imeshikizwa. Likae, inua mkono, kaa kitini, fumbata mikono kifuani. Kosa la bega likionekana siku hiyo ni dakika kumi za kufumua, likionekana baada ya kola kufungwa ni kitambaa kingine.

Shati likishakaa, mwombe fundi akate karatasi yako, aiandike jina, aitundike ukutani kwake, nawe andika vipimo vyako kwenye simu. La pili litashonwa bila futi, na la tatu utaagiza kwa kumtuma mtoto na kitambaa. Wale waliouliza habari za suruali, hiyo ni kesi nyingine kabisa yenye nyonga, mapaja na mabishano ya upana wa miguu, tutaipangia jioni yake. Kwa leo mitambo naikabidhi kwa taarifa ya habari.